Nyumba ya Nyasi ya Mke Mwenzangu

Mabati yangu niliyapigania. Nililelewa Matisi, Kitale, chini ya bati, na nilipoolewa mke wa pili karibu na Chwele, miaka ya themanini, nilimwambia mume wangu wazi kwamba mimi silali chini ya nyasi. Alinung'unika msimu mzima wa mahindi, kisha akaezeka. Mke mwenzangu alibaki kwenye nyumba yake ya udongo na nyasi, ng'ambo ya uwanja, akivujiwa. Nilimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa tamu.

Miaka ya tisini ikaja na wafadhili. Mradi wenye ofisi Kitale ulipata ruzuku ya kuhifadhi nyumba za zamani na kuzifungua kwa umma. Bwana wa mradi, kijana mwenye kamera shingoni, alizunguka vijiji vyetu akitafuta nyumba ya nyasi iliyosimama sawasawa. Zilikuwa zimekwisha. Kila mtu alikuwa ameezeka bati, wengine kwa kuniiga mimi! Alipofika kwetu alipita mlangoni pangu bila kugeuza shingo, akaenda kukitazama kibanda cha mke mwenzangu kama mtu aliyeona harusi.

Wakakiezeka upya, wakakisiriba, wakaweka kibao barabarani. Wanafunzi wakaja, wazungu wakaja. Mke mwenzangu akaanza kuvaa kitambaa cha Jumapili siku za kazi. Na kwa kuwa nyasi zisizopata moshi huliwa na wadudu, bwana wa mradi alitaka moto uwake mle kila jioni, mwenye boma akiwa ameketi hapo kupokea wageni. Mume wangu alikubali haraka mno. Wageni wakienda zao, yeye haondoki. Ugali wangu ukapoa, nikala peke yangu.

Siku moja bwana wa mradi aliwaonyesha wageni kijiti kinachochomoza kileleni mwa paa la nyasi. Kwetu kijiti hicho husema mume wa nyumba yu hai, akifa, hung'olewa. Mama mmoja wa Kizungu akageuka, akalitazama paa langu tupu, akasema jambo kwa upole.

"Anauliza ati mama wa mabati alifiwa lini," bwana wa mradi akatafsiri. "Anakupa pole."

Mke mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Jioni nilimfuata mume wangu pale pale motoni. "Mzee, na mimi niwekee kijiti."

"Kwa mabati? Watu watanicheka, bana. Si ni wewe ulitaka mabati? Si ulipata?"

"Basi ng'oa, uniwekee nyasi."

"Nyasi ni ya mradi," akasema, na kugeuza hindi lake kwenye makaa.

Haikupita wiki bwana wa mradi akaona kwamba nyumba yangu inaharibu picha. Akaleta miche ya kupanda ua katikati ya uwanja, nifichwe. Nilidhani wataandika vibarua. Mume wangu akachukua jembe mwenyewe, akaanza kule chooni, akashuka kuelekea barabarani, shimo baada ya shimo. Nilisimama mlangoni nikimngoja afike kwenye kile kijia kinachotoka kwa mke mwenzangu kuja kwangu, nione kama ataacha mwanya.

Alifika, akachimba, akapanda.