Fahima Amsomea Mumewe Habari za Patriaki

Fahima ni jirani yangu wa ukuta mmoja, hapa kijijini kwetu karibu na Mallawi, Misri. Alipoolewa na Labib, mwimbishaji wa kanisa, hakujua kuandika hata jina lake, wala hakuona haja. Labib alisoma kwa niaba ya wote wawili. Jioni, wakishakula maharage, alifungua kitabu kikuukuu cha babu yake, chenye maisha na maandishi ya yule Patriaki wa kale wa Iskanderia ambaye watawala walimfukuza mara tano kwa ajili ya imani yake. Fahima alisikiliza huku akichambua dengu. Kwao hakuwa Patriaki, alikuwa "mzee wetu."

Kisha kisukari kikamnyang'anya Labib macho. Nyimbo za kanisa zilibaki kifuani mwake, lakini kitabu kilibaki rafuni, naye akawa mtu wa kukaa kimya mlangoni.

Fahima akaanza kutoka kila alasiri. Alisema anamsaidia Evelini, mke wa kasisi, kuoka mikate.

"Mama Girgis," Labib akamuuliza, "hiyo mikate mbona siionji?"

"Haijaumuka."

"Tangu Kwaresima?"

"Unga mbaya, Baba Girgis. Tulia."

Kumbe alikuwa anafundishwa herufi, na miaka yake hamsini na ushee. Nilimfumania akizichora kwa kidole kwenye unga. Akaniambia nikifungua mdomo nisahau kuazima ungo wake tena.

Jioni moja nikasikia ng'ambo ya ukuta sauti yake, nzito, ikikokota neno mojamoja. Fahima akafika mwisho wa sentensi.

"Nani huyo?" Labib akauliza, ingawa alijua.

"Mkeo."

"Rudia."

Akarudia. Safari hii nilimsikia Labib akipenga kamasi. Halafu akasema, "Kwa mwendo huo, mzee wetu atafika uhamishoni mwakani."

"Alipanda mashua. Hakuwa na haraka."

Kitabu kiliwachukua miaka mitatu. Zamani Labib aliposoma, alisoma moja kwa moja. Fahima kila mara alikatiza kusoma ili agombane. Patriaki alipojificha kwa watawa jangwani, Fahima alitaka kujua nani aliyemfulia. Walipofika pale Patriaki alipoandika kwamba Mungu alifanyika mtu ili atuponye, Fahima aliweka kitabu chini.

"Basi alipata na njaa," alisema. "Na miguu ilimuuma."

"Ilimuuma," Labib akajibu. "Ndicho alichofukuziwa mzee wetu, kusema hivyo."

"Wangeniuliza mimi."

Walimaliza, wakaanza upya. Labib alifariki wakiwa wamefika uhamisho wa tatu. Siku ya tatu ya msiba, kasisi alipokwisha kuombea nyumba na kuondoka, wanawake tukabaki tumekaa. Fahima akainuka, akachukua kitabu, akaendelea pale walipokomea. Hakulia mpaka alipofunga ukurasa.

"Mama Girgis, kesho tuje?" mmoja wetu akauliza.

"Kesho nafua. Njooni Alhamisi."

Tunakwenda mpaka leo. Sasa tuko kwenye barua ambazo Patriaki aliwaandikia watu wake kila mwaka kuwatangazia Pasaka, nyingine akiwa mafichoni. Fahima husoma kwa sauti kubwa, na akisikia maharage yanafoka jikoni, huweka kidole kwenye mstari na kumtuma aliye karibu na mlango.