Lozi na Kokoto

Miaka mingi Zulai alidarizi kofia za kusalia za Wayahudi wa Bukhara, kofia za zambarau na kijani na nyuzi za dhahabu. Macho yalipochoka aliweka sindano akashika wajukuu. Binti yake Ilanit humletea wawili: Hodaya, aliyeanza darasa la kwanza na ambaye mdomo wake haulali, na Amitai, anayekaribia miaka minne na hajatamka neno hata moja.

"Atasema tu," wanawake wa uani walimwambia. "Wavulana huchelewa."

Zulai aliitikia tu. Mdogo wake Uriel naye aliambiwa anachelewa. Mama yao alisubiri, akasubiri, mpaka Uriel akaota ndevu, akiwa bado anakaa dirishani anavuta uzi wa pazia. Ukimpa mkate anashika, ukimpa kigae anashika, vyote kwake ni kimoja. Alikufa hivyo hivyo. Zulai hakuwahi kumsimulia Ilanit habari za mjomba huyo. Na sasa daktari wa kumpima Amitai alikuwa anawangoja baada ya Sikukuu ya Vibanda, siku ambazo Wayahudi hula katika vibanda vya makuti.

Mkesha wa sikukuu aliwaweka watoto wote wawili kibandani pale uani, chini ya paa la makuti. Hodaya alikata karatasi za rangi akaunga mnyororo mrefu. Maganda ya mayai aliyageuza ndege, akayapachika mabawa. Alikusanya pia bakuli la lozi zenye maganda na kokoto laini za kuchezea shabaha, maana sikukuu ikishaingia, sheria hukataza kushika jiwe ambalo halikutengwa mapema.

"Bibi, Amitai hafanyi kazi!"

"Anatazama. Kutazama nako ni kazi."

"Basi na mimi kesho shuleni nitatazama tu."

"Kesho hakuna shule, mjanja wee. Bandika ndege wako."

Amitai alikuwa chini ya meza, anaangalia mnyororo unavyoyumba. Zulai aliyachungulia macho yake kama mtu anayechungulia maziwa jikoni yasije yakafurika. Je, anaona? Anaona nini? Alimwonyesha ndege wa ganda la yai. Mtoto hakunyoosha mkono. Hakuwahi kunyoosha mkono kuomba kitu chochote.

Asubuhi ya sikukuu, Ilanit na mumewe wakiwa bado wamelala ndani, mzee Pinhas, mume wa Zulai, aliingia kibandani na kuti changa la mtende na kisanduku. Ndani, katika kitambaa laini, lilikaa etrogi, tunda la ukoo wa ndimu, la manjano, lenye harufu ya kumlevya mtu, linaloshikwa pamoja na kuti wakati wa baraka ya sikukuu. Sokoni alikuwa amegeuzageuza matunda mpaka muuzaji akamuuliza, "Mzee, unachagua tunda au unachagua mchumba?"

"Mchumba nilichagua haraka," Pinhas alimjibu, "ndiyo maana sasa nimekuwa mwangalifu." Alirudi nyumbani akamsimulia Zulai mwenyewe, akala kibao cha bega.

Pinhas alifunua kisanduku ili asome baraka. Harufu ikajaa kibanda. Na Amitai, aliyekuwa sakafuni, akasimama. Akaja. Akanyoosha mkono.

Wote waliuona ule mkono mdogo, umefunguka, unangoja.

"Ah! Unalitaka?" sauti ya Pinhas ilikatika. "Chukua, baba. Chukua, ni lako. Babu amekupa zawadi, lako kabisa!"

Mtoto alilikumbatia tunda kifuani. Pinhas alicheka, akafuta macho, kisha kicheko kikamkauka.

"Nimefanya nini mimi?"

"Nini?" Zulai aliuliza.

"Sijasoma baraka bado. Siku ya kwanza lazima tunda liwe mali yako mwenyewe. Na mimi nimempa!"

"Si akurudishie tu," alisema Hodaya. "Amitai, mrudishie Babu."

"Kwa mkono atarudisha. Kwa sheria hawezi. Mtoto mdogo akipewa kitu anakimiliki, lakini kumpa mtu mwingine hana uwezo huo. Tena mimi, mzee mzima, ninayewaonya wenzangu kila mwaka!" Alizunguka meza. Ghafla akasimama. "Ngoja. Iko njia. Mtoto anamiliki ikiwa anajua kipi cha kutupa na kipi cha kushika. Mpe kokoto, mpe lozi. Akitupa kokoto akashika lozi, tunda ni lake, nimekwisha. Lakini asipotofautisha, basi hajapokea kitu, na tunda bado ni langu."

Alisema hivyo kwa matumaini, maskini, bila kuona uso wa mkewe.

"Usimpime," alisema Zulai.

"Ni mchezo tu."

"Pinhas, nakuomba. Acha tunda lipotee. Usimpime mtoto."

Pinhas alimtazama, na polepole akaelewa. Alimjua Uriel. Alikuwa amekaa naye pale dirishani, jioni nyingi.

"Tuache," alinong'ona.

Lakini Hodaya, kwake mchezo ni mchezo, alikwishachota kwenye bakuli. "Amitai! Shika hii! Na hii!"

Mtoto aliketi, akaweka tunda mapajani, akapokea. Kokoto mkono huu, lozi mkono huu. Akafunga vidole juu ya vyote viwili.

Zulai alishika nguzo ya kibanda. Juu yake ndege wa maganda walikuwa wanageuka kwa upepo, huku na huku.

Amitai alilamba kokoto. Akalamba lozi. Zulai alitaka kufumba macho, yakakataa. Mtoto aliinua kokoto sikioni, akaitikisa. Kimya. Akainua lozi, akaitikisa, na ndani ya ganda kitu kikagonga, tiki, tiki. Akaitikisa tena. Kichwa kikalala upande, anasikiliza.

Kisha akaitupa kokoto. Ikampiga Pinhas kwenye kiatu.

"Babu, umeshindwa!" Hodaya alipiga kelele. "Tunda limekwenda!"

"Limekwenda," alisema Pinhas.

"Limekwenda kabisa!" Zulai alikuwa anacheka na kulia pamoja, kiganja mdomoni asiwaamshe walio ndani. "Huna tunda, mzee wangu! Umefilisika! Nenda kwa Rahamim ukaombe!"

Pinhas alichungulia juu ya ukuta wa ua wa jirani. "Rahamim! Nipe etrogi lako zawadi, kwa sharti nikurudishie."

"Na lako je? Ulilolitafuta soko zima?"

"Lina mwenyewe."

"Nani?"

"Mtu mmoja mwenye akili."

Daktari bado alikuwa anawangoja, na neno bado halikuwa limetoka. Lakini Amitai alikuwa amesimama mbele ya Zulai, tunda kwapani, amenyoosha mkono kwa mara ya pili siku ile. Katika kiganja chake mlikuwa na ile lozi. Alitaka ivunjwe.

Zulai aliivunja kwa meno.