Simu Iliyombishia Baba Hodi

Baba yangu alilinda kizuizi cha reli miaka mingi. Alipostaafu akaja kukaa nami mtaani Kaptembwo, ukali wa kazi ile akauhamishia kwenye simu yangu ya zamani niliyompa.

Hiyo ilikuwa 2008, dada yangu akiwa ng'ambo akisomea uuguzi. Kupiga simu kulikuwa ghali, kwa hivyo nilimwekea Baba programu ndogo ya kuchati, nikamfundisha kuifungua. Nikajiona fundi kweli.

Wiki mbili zikapita bila ujumbe hata mmoja. Baba hakulalamika. Alianza tu kumwita dada "yule msomi wenu", nami nilijua ameumia.

Jumapili moja baada ya kanisa niliketi karibu naye akiifungua programu ile. Simu ikauliza: programu iruhusiwe kutumia mtandao? Kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye Hapana.

"Baba! Mbona unakataa?"

"Sijui ni nani anataka kuingia. Mtu anabisha hata jina hasemi, nimfungulie tu?"

Nilicheka hadi machozi, kisha nikaona haya. Mzee wa watu alikuwa akimngoja binti yake siku zote hizo huku akimfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Nikaingia kwenye orodha ya programu, nikatafuta ruhusa, nikabadilisha "Uliza kila mara" ikawa "Uliza mara ya kwanza tu", nikabonyeza Ndiyo. Jumbe zikamiminika. Wa mwisho ulisema: "Baba, bado umenikasirikia kwa kuondoka? Nijibu hata neno moja."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena.

"Mwambie sijakasirika," akasema. "Mwambie ni hii simu nilikuwa sijui."

Nikaandika, tena haraka, maana nilimwonea dada huruma.

Kesho yake jioni alinirudishia simu. "Rudisha vile ilikuwa."

"Lakini Baba, sasa haikusumbui na maswali."

"Hiyo ndiyo shida. Inafungua tu, ni kama nyumba haina mwenyewe. Huyo mtoto akikuja, nataka iniulize, nimfungulie mimi."

Nikairudisha kwenye "Uliza kila mara". Tangu siku hiyo, kila simu ilipouliza, nilimsikia nikiwa jikoni akisema kwa sauti, "Karibu, mama," kabla ya kubonyeza Ndiyo.