Udongo Kwenye Kucha za Karimu

Karimu wa Pongwe, mpangaji mwenzangu hapa Alexandra, Johannesburg, alitembeza mbwa wa watu miaka mingi bila Watanzania wenzetu kujua. Mimi nilijua, kwa sababu ndoo ya nguo zake za kazi ya mbwa ilikaa karibu na mlango wangu, na nilishamwambia akiisogeza kwenye sufuria zangu nitaimwaga barabarani. Lakini nilimpenda. Alikuwa mpole mpaka unatamani kumzaba kofi aamke.

Kazi aliifanya kwa masharti yake. Mbwa mkavu hana neno, alisema. Aliyelowa ndiye wa kuogopwa. Akikugusa, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Siku za mvua aliishika kamba kwa urefu wake wote, mkono mbele, kama mtu aliyebeba chungu cha moto.

Rafiki yake hasa alikuwa Bakiri, muuza mitumba wa mjini. Walitoka Tanga pamoja, wakala njaa pamoja. Baada ya zile fujo za 2015 za kuwafukuza wageni, waliona jinsi mtu anavyoweza kuzikwa ugenini na watu wasiojua hata jina la mama yake. Wakaahidiana: atakayetangulia, mwenzake atashuka kaburini, ampokee na kumlaza kwenye mwanandani kwa mikono yake.

Alitangulia Bakiri, Novemba 2017, kwa ugonjwa wa kifua. Jioni ile ile ikanyesha mvua ya mawe ambayo sijaona nyingine mfano wake. Mabati yetu yalitoboka, na watoto wakadhani mbingu inabomoka. Mazishi yakapangwa kesho yake baada ya Adhuhuri.

Asubuhi namwona Karimu amevaa kanzu ndani ya koti, anakwenda kazini. Nilimfokea. Akajitetea kwamba madam, yule mama aliyemwajiri, ni mzee, mbwa wake wawili hawajatoka siku kadhaa, atawazungusha kilimani mara moja tu, kisha aende makaburini moja kwa moja.

"Sharp, usijali, da Mwatumu, nitawahi," akasema.

Huko Linksfield kwa madam, upande wa kilima usiopata jua, mawe ya mvua yalikuwa bado yamelala, barafu nyeupe ya kufika kifundoni. Bruno, yule mbwa mkubwa mzee, akateleza na kutumbukia kati ya majabali mawili, mguu ukavunjika. Karimu alimvuta kwa kamba, mbwa akalia. Akampigia madam, simu haikupokelewa. Yule mdogo akawa anazunguka tu akibweka.

Alisimama pale akifikiria kuondoka, ameniambia mwenyewe. Mimi ningeondoka. Nasema bila aibu: mbwa ni mbwa, na Bakiri alikuwa Bakiri. Lakini Karimu alimwona Bruno ameacha hata kulia, anatetemeka tu. Akafungua koti, akamkumbatia yule mnyama aliyelowa chapachapa, juu ya kanzu ya mazishi, akashuka naye kilima kizima akianguka na kuinuka.

Madam alilia, akamshukuru, akamkimbiza mbwa kwa daktari. Karimu akabaki uani na bomba la maji. Angeweza kwenda hivyo hivyo, Mungu si mkorofi kama sisi. Ila kuingia kwenye kaburi la Bakiri na najisi, roho yake ilikataa. Akafukua barafu ya bustani kwa vidole mpaka akapata udongo, akaosha kanzu na mwili mara saba huku meno yakigongana. Kisha akapanda teksi, na njia nzima robot, zile taa za barabarani, zilikuwa zimezimwa na ile dhoruba, magari yamekwama.

Alipofika, wanaume walikuwa wanatoka getini. Aliyeshuka kumpokea Bakiri ni fundi viatu mmoja ambaye marehemu hakuwahi hata kunywa naye chai.

Sisi wanawake tulikuwa kwa Zubeda, dada yake marehemu. Karimu akaingia kutoa pole, kanzu mbichi imemganda mwilini.  Zubeda akaitazama mikono ya Karimu, zile kucha zilizojaa udongo mwekundu. Udongo wa Joburg ni ule ule, wa bustani na wa kaburi.

"Hata hujanawa, kaka," akasema. "Nilikuwa naogopa atapokewa na watu baki. Sasa nitalala. Mungu akulipe."

Karimu akanitazama. Hajui kusema uongo, na mdomo ulikuwa umeshaanza kufunguka. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

"Itikia," nikamnong'oneza.

"Amina," akasema.

Bruno alipona, anachechemea. Na kila Ijumaa Zubeda humletea Karimu sahani ya wali, kwa kumlaza ndugu yake. Karimu huipokea kwa mikono miwili, hushukuru, hufunga mlango. Zubeda akishaondoka, huja kuiweka kwangu bila kuonja. Wali ule naula mimi, na haunishuki.