Miche ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hajawahi kunipa hata kibiriti. Kwa hiyo asubuhi aliyoniletea miche ya mikaratusi, pikipiki imejaa, sikufurahi. Nilimmiminia chai huku najiuliza, huyu anatafuta nini?

"Shemeji, hii iko ya kukusaidia," akasema. "Mpaka wa shamba iko wazi sana. Wewe usiguse kitu. Jumamosi nakuja na jembe, napanda mwenyewe."

Hapo nikajua. Mimi ni mtu wa Awindiri, kule Arua, nimeolewa huku Lurujo, na Kikakwa changu, lugha ya huku, mpaka leo wananicheka, lakini habari ya miti niliielewa mapema. Mwanamke analima mihogo, karanga, simsim, anavuna, inaisha. Mti unabaki. Aliyeupanda akisema kesho shamba ni lake, wazee wanaitikia. Nami nina watoto wa kike watupu, na shamba lile ndilo linalowalisha. Kwenye kikundi chetu cha akina mama tunafundishwa haki za mjane, vizuri sana, lakini mwalimu akimaliza anapanda boda anarudi Arua. Mimi nabaki na shemeji.

Alhamisi akaja mke wake, eti kuomba chumvi. "Panda kesho," akaninong'oneza. "Yeye iko sokoni Koboko mpaka jioni. Mimi nakuja kusaidia."

Tangu lini? Nikaona wamenitegea mtego wa pili. Yeye akipanda, si ni mkono wa mumewe huo? Nikamwambia nitafikiria. Usiku usingizi ulinipaa kwa hasira.

Kesho yake akafika kweli, dumu la maji kichwani. Nikamnyooshea mche, makusudi, nimpime. Akarudisha mikono nyuma.

"Hapana. Mimi sigusi hata moja. Watasema nilipandia bwana yangu. Wewe panda, mimi namwaga maji."

Tukafanya hivyo mpaka mgongo wangu ukagoma. Bado sikumwamini. Nilimwangalia mikono muda wote, kama muuza nguo anavyomwangalia mteja asiyenunua.

Jumamosi shemeji alikuja na jembe, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Kumbe mashahidi walikuwa tayari. Akakuta mpaka wote umeshapandwa.

"Nani amepanda?"

"Mimi."

Mzee mmoja akauliza nani amenisaidia. Sikutaka kumchoma mtu. Mke wa shemeji, aliyewafuata, akajibu mwenyewe: "Mimi nilichota maji. Kupanda, amepanda yeye peke yake."

Mzee akasema basi, miti ina mwenyewe, na shamba lina mwenyewe. Shemeji akabeba jembe akaondoka bila kuaga. Nilifurahi, sifichi.

Jioni mkewe alibisha hodi kwangu, godoro kichwani, mdomo umevimba. Nilichungulia kwanza nyuma yake, nione kama ametumwa. Njia ilikuwa tupu. Ndipo nikamfungulia.