Neno Tulilolichosha Mikumi

Mama mkwe wangu aliposikia kwamba kazini wananipeleka Mikumi kusomea tiba ya kukubali, alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya wageni. Alidhani serikali imeingilia kati. Nyumbani kwetu Mabwerebwere, pale Kilosa, jambo lililokuwa linangoja lilikuwa moja tu: mume wangu alitaka kuongeza mke kwa sababu mimi sijazaa, na nilitakiwa kutoa jibu mbele ya wazee nikirudi. Nikikubali, nabaki katika nyumba kama bi mkubwa. Nikikataa, napewa talaka yangu kwa amani. Walilisema hilo la amani kana kwamba talaka ni zawadi ya Idi.

"Nenda ukasome vizuri," mama mkwe aliniambia nilipokuwa nafunga begi. "Ukirudi uwe umejua kukubali."

Sikumjibu. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodini muda wa kutosha kujua kwamba mtu anayekutafuta maneno ukimnyamazia huumia zaidi kuliko ukimjibu. Nilimwachia kimya changu akae nacho wiki nzima.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa nyumba ya kulala wageni kando ya barabara kuu. Malori yalipita mchana kutwa, na kila lilipopita moja mwalimu wetu alisimamisha sentensi yake hewani mpaka mngurumo uishe. Nyani walikaa kwenye ukuta wa nje wakisubiri chai yetu, na siku ya kwanza walikomba sambusa za meza nzima huku sisi tunajitambulisha. Wenzangu walijitambulisha kwa watoto wao: mimi Mama fulani, mimi Baba fulani, mwingine akataja hadi mjukuu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi nesi kutoka Kilosa." Mwalimu akangoja kidogo, akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja.

Mwalimu huyo alikuwa mwanasaikolojia kutoka Dar es Salaam, mdogo kwangu kwa umri, mpole wa sauti lakini mkali wa maswali. Alitueleza kwamba tiba yenyewe inaitwa tiba ya kukubali na kudhamiria, na kwamba watu wengi huikosea mlangoni. "Hatumfundishi mtu kukubali kuonewa," alisema. "Tunamfundisha aache kupigana na maumivu yaliyo ndani yake, ili nguvu zake zibaki kwa ajili ya lile analoliona la maana, alifanye hata kama linauma." Nilimfikiria mama mkwe na shukrani zake kwa Mungu, nikacheka peke yangu. Kilikuwa kicheko kibaya, na nilikifurahia.

Sharti lake lilikuwa kwamba hakuna atakayemfanyia mgonjwa zoezi ambalo yeye mwenyewe hajafanyiwa. Zoezi lililonipata mimi lilikuwa jepesi kulieleza. Unachagua neno moja linalokutafuna, lile unalojiita ukiwa peke yako. Unampa mwenzako. Mnalitamka pamoja kwa sauti, haraka haraka, tena na tena, mpaka maana ichoke na ubaki mlio mtupu wa mdomo. Alituonyesha kwa neno "ndizi", na kweli baada ya muda ndizi ilikuwa si tunda tena, ni kelele tu.

Watu wakachagua maneno ya bei rahisi. Mmoja akatoa "mvivu". Mwingine, mama mwenye kitambi kizuri tu, akatoa "mnene". Mimi nilikuwa nimejiandalia "mchovu". Lakini mwalimu akanipanga na tabibu mmoja anayefanya kazi upande wa Zombo, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Yeye Msukuma, mimi Msagara. Kwa hiyo ni watani.

Asiyejua utani aelewe hivi: mtani ana ruhusa. Baba yangu alipofariki, watani walikuja msibani wakalala mahali palipoandaliwa maiti, wakaigiza kikohozi chake, na mmoja akavaa koti la marehemu akachechemea nalo kama alivyokuwa akichechemea yeye. Mama alilia huku anacheka mpaka wakamshika asianguke. Mtani anaweza kukuambia lolote, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Tangu asubuhi huyu alikuwa ameshaniandama kwamba nyama ninayokula ni ya ng'ombe wao walionenepea kwenye mahindi ya mjomba wangu, kwa hiyo nile tu, ni mali ya ukoo.

Nikampa neno langu. Akaliangalia pale nilipoliandika, akatikisa kichwa.

"Mchovu? Mtani, acha uongo. Kila mtu Kilosa anajua neno lako."

"Lipi?"

"Mgumba," akasema. Hakupunguza sauti.

Nesi mmoja kutoka Magole akasimama kama anayetaka kumpiga. Mwalimu akaja mbio, uso umemshuka, akasema hapana, neno anachagua mwenyewe mwenye neno, hili ni kosa kubwa, akataka kumhamishia mwenzangu kwenye jozi nyingine. Kwao mwalimu hakukuwa na watani; hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtani ana ruhusa hiyo. Ningeweza kumwachia amwondoe. Nilitamani. Lakini wenzetu wote pale walijua utani ni nini, na walikuwa wananitazama kuona kama nitavimba.

"Mwache," nikasema. "Ni mtani wangu."

Tukaanza. Mwanzoni sauti yangu haikutoka, nikawa nafungua mdomo tu. Yeye hakunisubiri. Alilichukua lile neno akaanza kulinadi kama yuko mnadani. Mgumba huyu hapa! Meno yote yapo! Hana ndama, lakini malisho anamaliza kuliko wenye ndama! Nani anaongeza? Nilimchukia. Nilitaka afe palepale, azikwe, halafu niende kwao nikalale juu ya kaburi lake nikipiga miluzi. Kisha sauti yangu ikatoka, nami nikalitamka, nikalitamka, kamasi zinanitoka, mpaka nikaanza kusikia gumba gumba gumba kama mashine ya kukoboa mpunga, na sikujua tena kama nalia au nacheka. Alipoacha, nilikuwa nimekaa sakafuni. Neno lilikuwa limekufa. Nililigusagusa kwa ulimi, halikuuma.

Ikawa zamu yake. Akanipa "mvamizi", ndilo wanaloitwa wafugaji wahamiaji huku kwetu. Nililisema bila huruma. Nilimkumbuka mjomba wangu amesimama katikati ya shamba lililokanyagwa, nikamtupia yule bwana neno lake usoni, na kwa muda fulani sikuwa namtania. Alijua. Machozi yakamdondoka kimyakimya kwenye shati lake la kazi. Sijutii. Alinipa dawa, nami nikampa kipimo kilekile.

Nilirudi Kilosa kwa ile barabara ya vumbi nikiwa nimejaa kiburi. Kikao kilikuwa tayari kinanisubiri: mama mkwe, shemeji yangu mkubwa, shangazi wa mume wangu, na mume wangu mwenyewe amevaa kanzu safi. Nikaamkia, wakaitikia. Shemeji akaniuliza jibu langu ni nini. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akadakia kwamba mwanawe hatakufa bila kuacha jina duniani kwa sababu ya mgumba.

Nikasubiri maumivu. Hayakuja. Nilikaribia kucheka. Mama wa watu aliona, nikaona amepungukiwa, kwa sababu alikuwa amelitunza neno lile miaka mingi kwa siku kama ile.

Ndipo mume wangu akasema, kwa upole, huku ananiangalia kwa macho yale niliyoolewa nayo: "Mama, usimwite hivyo. Si hiari yake. Mimi nilishamsamehe."

Hilo hakuna aliyenifundisha. Liliingia lote, likakaa.

Alinisamehe. Mimi niliyekwenda Morogoro peke yangu, nikalazwa chali, nikatiwa dawa kwenye mirija ya uzazi ili wapige picha, nikavuja damu ndani ya basi nikirudi, na majibu yakasema niko sawa. Nilimwonyesha majibu hayo. Nilimwomba naye akapime, kwa kumbembeleza, kwa kununa, kwa kupika. Kila mara alisema mwanamume hapimwi, na mimi nikaacha ili asidhalilike. Sasa ananisamehe.

"Oa," nikamwambia. "Mimi sibaki. Na huyo binti mumwambie kabla hajaja kwamba bwana wake hajawahi kupima, ili akikaa bila mimba ajue pa kuanzia."

Shangazi akasema astaghfirullah. Shemeji akatazama mkeka. Mume wangu akaniuliza, na sauti ilikuwa ya mtoto, "Unanidhalilisha mbele ya mama yangu?"

"Ndiyo," nikasema.

Niliingia chumbani kukusanya nguo. Akanifuata, akasimama mlangoni. Akaniambia maneno ambayo ningelitembea kwa magoti kuyasikia kabla ya wiki ile: hataoa. Amefuta kabisa. Nibaki mimi peke yangu mpaka uzee. Kitu kimoja tu, nitoke nje niwaambie wazee kwamba nilisema vile kwa hasira, kwamba kasoro ni yangu na hospitali walishathibitisha.

Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu ndilo lililokuwa gumu. Kama ningekuwa simpendi ningetoka nikiimba. Nilimtazama, nikaona kwamba angeacha kuoa, angeacha hata hamu ya mtoto, mradi lawama nibebe mimi. Maumivu yalikuwa mengi, na nikayaacha yaume. Nikafunga zipu ya begi nikilia. Nikampita mlangoni nikilia. Sebuleni nikasimama mbele ya mama mkwe, nikainama kama inavyotakiwa, nikamwambia shikamoo mama, nakwenda. Hakuitikia.