Hema Haliazimwi

Mtaani kwetu mdogo wangu wanamwita Bwana Kufuli, na wengi wanaomwita hivyo hawamtakii mema. Ni mtunza stoo wa kituo cha afya, mwembamba, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Ukimwona hutadhani ana maadui. Lakini uliza kuanzia sokoni mpaka barabara kuu ni nani mwenye mkono wa birika kupita wote, utaonyeshwa kwake. Na mimi dada yake, mshona sare za shule, nilikuwa mmoja wa waliompachika jina hilo.

Kisa ni hema. Kipindupindu kilipopita hapa miaka ile, watu walilala barazani mwa kituo, mmoja akitapika karibu na mwingine, kwa sababu jengo ni moja na choo ni kimoja. Tulizika sana. Mambo yalipokwisha ndipo wakubwa wakazinduka. Likaletwa hema kubwa jeupe pamoja na vitanda vyenye tundu katikati na ndoo za kuweka chini yake, vyote vikafungiwa stoo kusubiri siku nyingine kama ile. Mdogo wangu akakabidhiwa ufunguo, akaambiwa hivi ni vitu vya dharura, visiguswe. Kosa lake ni kwamba aliwaamini.

Basi watu wakaja. Huyu ana mahafali, yule ana mkutano wa chama, mwingine anamwoza dada yake, na kila mmoja anasema ni siku moja tu. Aliwajibu wote kwa upole uleule kwamba hema haliazimwi. Walimwita mwenye roho mbaya, naye akaendelea kulitoa hema juani kila mwezi, kulipangusa na kulirudisha ndani panya wasilitafune.

Halafu mama yetu akafa, katikati ya masika. Waombolezaji walijaa uani, mvua ikamwagika kama imetumwa, wazee wakajifunika mifuko ya plastiki. Nilimvuta mdogo wangu pembeni nikamwambia akafungue stoo, maana hapakuwa mbali. Alikuwa amelowa chapachapa, machozi na mvua huwezi kuvitenganisha. Akaniambia, "Dada, nikimpa mama leo, kesho nitamnyima nani?"

Nilimwona si mtu. Karibu mwaka mzima salamu zangu alizipata kupitia kwa watoto.

Tulipatana tena mwaka huu kwa ajili ya mjukuu. Mwanangu wa mwisho alijifungua palepale kituoni siku ya Alhamisi, mtoto wa kiume, mnene, mwenye kelele. Binti aliumia kidogo, akashonwa, muuguzi akasema hatoki mpaka wiki iishe. Nikahamia wodini na kikapu changu. Kitanda cha pili alilala mke wa fundi baiskeli, naye uzazi wa kwanza, aliyekuwa amepoteza damu nyingi lakini mdomo wake haukupungukiwa na kitu. Alituchekesha mpaka binti yangu akaomba asamehewe kwa ajili ya nyuzi zake.

Ijumaa jioni wakaanza kuletwa. Mvua ilikuwa imefumua vyoo vya bondeni na kuvimwaga visimani, na watu walikuwa wameyanywa maji yale kwa siku kadhaa. Waliletwa kwa mikokoteni, kwa pikipiki, wengine mgongoni mwa ndugu zao, macho yamedidimia. Muuguzi hakuhitaji kuulizwa ni ugonjwa gani. Alimtuma mlinzi mbio kwa mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka safari ya kikazi ya kufuata dawa: hema lisimamishwe sasa hivi, wagonjwa wasikaribie wodi ya wazazi.

Nilikuwepo alipofungua stoo. Vitanda vilikuwepo. Ndoo zilikuwepo, zimepangwa vizuri. Hema halikuwepo.

Alizunguka chumba kile kana kwamba kitu cha ukubwa ule kinaweza kujificha nyuma ya ndoo. Ndipo mlinzi akasema, huku akitazama viatu vyake, kwamba juzi alikuja dereva wa Mkuu na ufunguo wa akiba unaokaa ofisini, akasema ameagizwa. Mkuu ndiye bosi wa idara yote, mwenye kusaini mishahara na likizo. Mlinzi angesema nini? Na Mkuu alikuwa anaoza binti yake Jumamosi.

Mdogo wangu alipiga simu. Alipopokelewa muziki ulikuwa umeshaanza huko. Aliambiwa atulie, asikuze mambo, wagonjwa wachache wavumilie, Jumapili asubuhi hema litakuwa limerudi. Kisha simu ikakatwa, na kila alipojaribu tena haikupokelewa.

Mama yangu nilimzika kwenye tope kwa sababu ya hema lile, na mtu mwingine amelichukua kama anavyochukua kiti sebuleni kwake.

Usiku ule wagonjwa walilazwa barazani, chini ya dirisha letu, na choo kikawa kilekile kimoja. Mimi nilimkataza binti yangu kukanyaga huko, nikamtafutia ndoo. Mke wa fundi baiskeli hakuwa na mama wa kumkataza. Alikwenda na kurudi, ameshika ukuta, na akirudi anatutania.

Jumamosi adhuhuri baraza lilikuwa limejaa na wengine wako chini ya miti, mvua inatishia. Muuguzi alikuwa akiruka miguu ya watu kufikia chupa za maji aliyowatundikia. Mdogo wangu alimtazama, akavaa koti lake la kazi na kuniambia anakwenda kuchukua mali ya kituo. Alipopanda gari la wagonjwa nami nikapanda. Mlinzi naye akaacha geti.

Harusi ilikuwa moto wa kuotea mbali. Hema letu lilikuwa limevishwa mapambo ya waridi na maua ya plastiki, watu wameketi kwenye viti vyenye vitambaa, keki mbele, spika kubwa pembeni. Mdogo wangu hakupiga kelele. Aliinama kwenye kona ya nyuma akaanza kulegeza kamba, akimwomba bibi mmoja samahani, asogeze kiti. Akahamia kona ya pili, akaomba samahani tena. Mshereheshaji aliona upande mmoja wa hema ukishuka, akadhani ni sehemu ya burudani, akawaambia wageni wampigie makofi fundi wetu. Wakapiga.

Baba mdogo wa bibi harusi ndiye aliyeshtuka. Alimkunja mdogo wangu shati, vifungo vikaruka, akamuuliza ametumwa na nani kuwaaibisha. Mkuu akaja nyuma yake, suti inang'aa, akisema kwa sauti ya chini aachwe kwanza, watayamaliza ofisini. Ofisini! Nikaona nikinyamaza nitapasuka.

"Hili ni hema la wagonjwa wa kipindupindu," nikasema, na sauti yangu hata bila spika inafika. "Tumekuja kulichukua."

Sijui waliwaza nini. Yaani najua: waliwaza kwamba wagonjwa walishalala humo. Sikuwasahihisha. Sahani ziliachwa na vyakula vyake, mama mmoja alikimbia na kiatu kimoja, mshereheshaji aliruka juu ya spika yake mwenyewe. Kabla sijamaliza kukunja mikono ya gauni, uwanja ulikuwa wetu. Bibi harusi tu ndiye aliyebaki amesimama karibu na keki, na ni yeye pekee niliyemhurumia siku ile, maana sidhani kama kuna aliyemwambia kivuli chake kimetoka wapi.

Jua linazama hema likawa limesimama nyuma ya kituo, na wagonjwa wote wamehamishiwa humo. Hakuna aliyepata muda wa kutoa mapambo. Watu walilala juu ya vitanda vyenye tundu wakitazama maua ya plastiki, na wote waliolala humo walipona. Wote, na nimeandika neno hilo kwa hasira, kwa sababu Jumapili alfajiri mke wa fundi baiskeli alianza kuharisha. Mwili haukuwa na akiba ya damu wala ya maji. Jumatatu alikufa, mtoto wake amelazwa pembeni ya mjukuu wangu, na binti yangu ndiye aliyemnyonyesha siku hiyo.

Siku moja. Hema lilichelewa siku moja, ile ya harusi.

Wiki iliyofuata mdogo wangu aliitwa. Si kwa ajili ya marehemu. Aliambiwa aende nyumbani kwa Mkuu akaombe radhi kwa kuvuruga shughuli ya watu, la sivyo stoo itakabidhiwa kwa dereva. Kwa dereva yuleyule. Nilimwambia heri afukuzwe. Akasema yeye akiondoka, hema litakuwa kwenye harusi kila Jumamosi. Nikamwambia basi tunakwenda wote.

Tulikaribishwa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, tukaletewa soda. Mdogo wangu aliomba radhi. Aliomba vizuri, mikono katikati ya magoti, na mimi nilimeza kila neno kama dawa chungu. Mkuu alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema yeye si mtu wa visasi, yameisha. Akatabasamu. Kisha akasogea mbele kwenye kochi na kusema kwamba mwisho wa mwaka anamwoza yule binti wa pili, na safari hii hataki mkanganyiko, ataandika maombi mapema, mambo yaende kwa utaratibu.

Nikaweka soda chini.

"Mzee," nikasema, "mke wa fundi baiskeli tumemzika Jumanne. Mumewe anakaa nyuma ya soko, analea kichanga peke yake. Nenda kamwombe yeye. Akikukubalia, hema utapewa."

Mke wa Mkuu alianza kukusanya chupa ambazo hazijaisha. Tuliondoka bila kusindikizwa, na njia nzima mdogo wangu hakunilaumu wala hakunishukuru. Alipita dukani, akanunua kufuli jipya kwa hela yake, akalifunga kwenye mlango wa stoo. Jioni akaja kwangu na ufunguo.

"Kaa nao wewe, dada," akasema. "Mimi mwajiriwa, wakiniagiza itabidi niutoe. Wewe hakuna wa kukuagiza."

Kukiwa na mgonjwa nipo hatua chache tu, na muuguzi anajua pa kunipata hata usiku wa manane. Dereva amekuja mara mbili kuuliza. Nilimpa kiti, nikaendelea kushona, nikamwambia bosi wake aje mwenyewe, na akija aje na fundi baiskeli.